Barua Ilipokosa Nafasi Kwenye Kioo

Barua pepe zangu za mwanzo nilizisomea kwenye Pine, chuoni, mwishoni mwa miaka ya 1990. Pine ni programu iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, kazi iliyoanza mwaka 1989, na haikuwa na picha hata moja. Kioo cheusi, maandishi meupe, mistari 24, kila mstari herufi 80. Mstari wa juu ulitaja jina la programu na folda uliyomo. Mistari miwili ya chini iliorodhesha amri: herufi hii ya kujibu, ile ya kufuta, nyingine ya kurudi ulikotoka. Juu ya hiyo palikuwa na mstari wa kukupa taarifa. Kilichobaki, karibu mistari 20, kilikuwa cha barua.

Zaidi ya robo tatu ya kioo ilikuwa ya barua. Sijauona tena mgawanyo wa namna hiyo kwenye kompyuta ya mezani.

Watungaji wa Pine walibanwa na hali. Kipimo cha mistari 24 kwa herufi 80 kilizoeleka tangu mashine za VT100 za kampuni ya DEC, zilizotoka mwaka 1978, na zile herufi 80 zina umri mkubwa zaidi, kwani asili yake ni kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928. Kila mstari ambao programu ilijichukulia, msomaji aliupoteza, na yeyote aliyeketi mbele ya kioo kile aliliona hilo. Nadhani ndiyo sababu walijipimia kidogo. Ukiwa na 24 tu, huchukui 10.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya kuhudumia wateja kwenye kafe ya intaneti katikati ya jiji la Dar es Salaam, mitaa ya Posta. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Simu za mkononi zilikuwa za kupiga na kutuma ujumbe mfupi, na mtu aliyetaka kusoma barua pepe alikuja kwetu au kwa majirani zetu. Kompyuta zilikuwa za mitumba, monita zenye chogo za inchi 14 na 15, nyingine zikiwa bado na kibandiko cha ofisi ya ng'ambo zilikotoka. Tulizipanga kwenye pikseli 800 kwa 600. Zile zilizoweza kufika 1024 kwa 768 tulizijaribu. Vijana walifurahi kuona mambo mengi kwa mara moja, lakini kwenye kioo kidogo kiasi kile herufi zilisinyaa mno, na wateja wenye umri walisogeza nyuso hadi pua zikakaribia kioo. Tukazirudisha zilivyokuwa.

Kioo chenyewe kiligawanywa hivi. Juu kabisa palikuwa na kichwa cha dirisha, chini yake menyu, kisha vitufe vikubwa vya kivinjari, kisha sehemu ya anwani. Mara nyingi mteja fulani alikuwa ameshapakua programu ya bure iliyoongeza safu nyingine ya vitufe ambayo hakuna aliyeiomba. Chini kulikuwa na mstari wa taarifa wa kivinjari, na upau wa Windows wenye saa. Kidirisha cha kafe yetu, chenye kuonyesha dakika zilizobaki, kilielea juu ya vyote. Watengenezaji wa tovuti wa wakati ule walikuwa na kipimo chao cha tahadhari: kwenye kioo cha 800 kwa 600, hesabu kwamba pikseli 760 kwa 420 tu ndizo zako. Maana yake, kati ya pikseli 600 za kwenda chini, 180 zilikuwa zimeliwa kabla ukurasa haujafunguka.

Ukurasa wa barua pepe ya bure ulipofunguka, nao ulikuja na mizigo yake. Nembo ya huduma. Tangazo la kulala la pikseli 468 kwa 60, au lile pana la 728 kwa 90. Vichupo vya kalenda, anwani na habari za dunia. Kushoto, orodha ya folda ambazo wateja wetu wengi hawakuzitumia kamwe. Kulia, kwenye baadhi ya huduma, tangazo la kusimama la 160 kwa 600, mnara mzima. Kisha safu ya vitufe vya kujibu, kufuta na kuhamisha, kisha jina la mtumaji, la mpokeaji, tarehe na kichwa cha barua. Chini ya hayo yote ndipo barua ilipoanza, ikiwa na mistari saba au nane ya kuonekana. Na mteja alikuwa analipia muda. Kioo kizima alikilipia yeye, kama mpangaji anayelipa kodi ya chumba huku makabati ya mwenye nyumba yakiwa yamekijaza.

Huduma zile siwezi kuzidharau. Hotmail ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1996 na Sabeer Bhatia na Jack Smith, Microsoft ikainunua mwishoni mwa mwaka uliofuata, na mwaka huohuo wa 1997 Yahoo ikaanzisha barua pepe yake kutokana na RocketMail. Huduma hizi ziliwapa anwani watu wasio na kompyuta wala ofisi. Muuza duka wa Kariakoo aliweza kuwa na anwani yake ya kudumu ambayo hainyang'anywi na mwajiri, akaifungulia popote. Jambo hilo ni kubwa, na nilikuwa shahidi wake kila siku. Matangazo ndiyo yaliyolipia. Ninacholalamikia ni kwamba katika kugawana kioo, barua yenyewe ilihudumiwa mwisho.

Na kwetu tatizo lilikuwa kubwa kuliko kwa Wamarekani waliobuni kurasa zile, kwa sababu ya namna tunavyoandika barua.

Mswahili haanzi barua na shida yake. Anaanza na shikamoo. Anaeleza kwamba yeye ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali. Anauliza hali ya mama, ya shangazi, ya watoto, anamtaja jirani aliyekuwa mgonjwa, anawapa pole wafiwa. Ndipo anaposema: baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kadha wa kadha. Shuleni tulifundishwa hivyo, na nyumbani tulifundishwa hivyo kabla ya shule. Watu walipohamia kwenye barua pepe waliendelea na utaratibu uleule, na walifanya vizuri. Lakini mistari saba au nane ya kioo iliishia kwenye salamu.

Namkumbuka mzee mmoja mstaafu wa bandari. Mwanawe alikuwa Muscat, na yeye alikuwa mteja wetu mwenye heshima zake, anayevua kofia kabla ya kuketi. Nilimfungulia barua, nikamwachia asome kwa faragha kama ilivyokuwa desturi yetu. Baada ya muda aliniita.

"Mwanangu, huyu kijana ameandika salamu tu?"

"Hapana mzee, barua inaendelea huku chini."

Nikavuta ukurasa. Chini ya upeo wa kioo ndipo kulikuwa na habari kwamba fedha zimetumwa, na namba ya kuzichukulia. Mzee aliinakili namba ile kwenye karatasi, tarakimu moja moja, akarudia kuihakiki. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: "Kwa nini wameificha?"

Nilimweleza kuhusu matangazo na vitufe. Akatazama kioo kuanzia juu, akawa ananyooshea kidole kitu kimoja kimoja na kuuliza kazi yake. Hiki ni cha nini? Cha kutafuta habari, mzee. Na hiki? Cha kalenda. Unakitumia? Hapana, mzee. Aliendelea hivyo mpaka akaifikia barua. Sijawahi kusikia ukaguzi wa programu uliofanywa kwa umakini kuliko ule, na baadaye nimekaa kwenye vikao vingi vya watu wanaolipwa kufanya kazi hiyo.

Tangu siku hizo tukawa na taratibu zetu pale kafe. Mteja mzee akifungua barua, tulibonyeza F11 ili kivinjari kijaze kioo chote na vitufe vyake vifichwe. Tuliondoa safu za vitufe zilizojipachika zenyewe. Kwenye mashine mbili tatu tulizima picha kabisa, matangazo yakawa visanduku vitupu, lakini kurasa zilifunguka haraka kidogo na hilo peke yake lilikuwa nafuu. Tuliwafundisha wateja gurudumu la mausi. Wengi walidhani ukurasa unaishia kioo kinapoishia, na sioni kosa lao: karatasi huishia kwenye ukingo wake.

Nilihama kafe nikaenda kufanya kazi ya kompyuta maofisini, na huko adui alikuwa na sura nyingine. Matangazo hayakuwepo. Palikuwa na vidirisha. Outlook Express, iliyokuja pamoja na Internet Explorer 4 mwaka 1997, ilikigawa kioo sehemu tatu: folda kushoto, orodha ya barua juu kulia, barua yenyewe chini kulia. Chini ya folda palikuwa na kisanduku cha anwani za watu. Mpangilio huu ulikuwa na akili, maana mtu aliona orodha na barua kwa pamoja. Lakini kwenye kioo cha 800 kwa 600 barua ilipata kipande cha robo ya chini tu. Nilikuwa nikifika kwenye meza ya katibu muhtasi, nafungua mpangilio, naondoa kisanduku cha anwani, naondoa upau usiotumika, navuta mpaka kati ya orodha na barua. Watu walishangaa kwamba inaruhusiwa kuvuta mpaka ule. Hakuna aliyewaambia.

Outlook ya mwaka 2003 iliniletea furaha ya kweli. Ilihamisha kidirisha cha kusomea kutoka chini kikakaa kulia, kikiwa na urefu wote wa dirisha. Barua ikawa nyembamba na ndefu, umbo la ukurasa wa kitabu au safu ya gazeti. Mtu yeyote aliyewahi kupanga maandishi anajua kwamba mstari mrefu mno humchosha msomaji, jicho likirudi kushoto linapotea njia. Hata kanuni za kiufundi za barua pepe, zile za RFC 2822 za mwaka 2001, zilishauri mstari usizidi herufi 78. Kwa hiyo upana wa ziada wa kioo hauna faida kwa mstari wa barua. Unafaa kuwekwa orodha kando.

Na upana wa ziada ulikuwa unakuja. Hapa ningependa msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu nadhani ndipo kiini cha mambo kilipo. Kompyuta mpakato nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na kioo cha 1024 kwa 768. Muongo ulipoisha, kioo kilichotapakaa kwenye mpakato za bei nafuu, zile ambazo ofisi zetu na wanafunzi wetu walizimudu, kilikuwa cha 1366 kwa 768. Linganisha. Upana uliongezeka kwa pikseli 342. Urefu wa kwenda chini haukuongezeka hata pikseli moja. Kioo kilipanuka kwa ajili ya filamu, na barua haikupata kitu. Vipakato vidogo zaidi vilikuwa na shida kubwa: Eee PC ya kwanza ya ASUS, ya mwaka 2007, ilikuwa na 800 kwa 480. Kwenye vioo vya namna hiyo nilikutana na madirisha ya mipangilio ya barua pepe ambayo kitufe chake cha kukubali kilikuwa nje ya kioo, chini huko, na ilinibidi nibonyeze Tab kwa kubahatisha mpaka nikifikie.

Katika miaka hiyohiyo, ambapo pikseli za kwenda chini ndizo zilizokuwa haba, wabunifu walikuwa wanapanga vitu kwa safu za kulala, moja juu ya nyingine. Utepe wa vitufe uliingia kwenye Microsoft Office ya 2007, na katika Outlook ya 2010 ukafika hadi kwenye dirisha kuu. Utepe una faida zake, hasa kwa anayejifunza, kwani anaona kazi zote kwa majina. Lakini mtu anayesoma barua kutwa hachori jedwali wala habadilishi herufi. Ofisini nilianza mafunzo ya kila mfanyakazi mpya kwa vidole viwili: Ctrl na F1, utepe ukajikunja. Nyuso zilichangamka.

Gmail nayo ina sehemu yake katika habari hii. Ilitangazwa tarehe 1 Aprili 2004, na kwa kuwa ilitoa GB 1 wakati Hotmail ilitoa MB 2, wengi walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Mimi kilichonivutia ni orodha yake. Mtumaji, kichwa cha barua, na kwenye mstari huohuo maneno ya mwanzo ya barua. Ni wazo zuri: nafasi iliyokuwa tupu upande wa kulia ikapewa kazi. Isipokuwa kwetu maneno ya mwanzo ni yaleyale. Shikamoo mama, za siku nyingi, poleni na majukumu. Barua ya mchango wa harusi na barua ya msiba zilionekana pacha. Mbunifu hakukosea kwa watu wake, ambao huanza barua na jambo lenyewe. Sisi hakutufikiria. Wala sitamshauri mtu aache salamu ili aipendeze programu. Ndugu zangu niliwashauri waandike kichwa cha barua kinachoeleweka, badala ya "habari" au kuacha wazi, na hilo lilisaidia sana.

Kisha zikaja simu za kugusa, na kila kitu kikanenepa. Sababu yake naiheshimu. Kidole si ncha ya mausi. Apple iliwaagiza watengenezaji wasifanye kitufe cha kugusa kuwa chini ya pointi 44, na Google ikashauri vipimo 48. Kanuni ya msingi ni ya zamani, Paul Fitts aliieleza mwaka 1954: kitu kikubwa kilicho karibu hufikiwa upesi kuliko kidogo kilicho mbali. Kwenye simu hilo ni sawa kabisa, na ajabu ni kwamba simu, yenye kioo kidogo kuliko vyote, ndiyo iliyoirudishia barua heshima yake. Ukifungua barua kwenye simu unaona mtumaji, kichwa, halafu barua, basi. Tatizo lilianza pale vipimo vya kidole vilipoletwa kwenye kompyuta ya mezani, ambako mausi haihitaji nafasi ile. Mistari ikaachana, vitufe vikatengana, vichwa vya kurasa vikawa vinene.

Novemba 2011 Gmail ilibadilishwa sura, nafasi nyeupe ikaongezwa, na watumiaji wengi duniani wakalalamika kwamba sasa wanaona barua chache. Jambo ambalo wengi hawakuliona ni kwamba Google ilikuwa imeweka kwenye mipangilio viwango vitatu, kuanzia cha kupumua hadi cha kubana. Thunderbird, programu huria ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004, nayo ina viwango vya aina hiyo, na toleo lake la 115 la Julai 2023 liliviweka mahali ambapo mtu anaviona bila kutafuta sana.

Sidai kwamba nafasi tupu yote ni hasara. Nimemtaja mzee wa bandari na wateja waliosogeza nyuso. Nafasi kati ya mistari inayolisaidia jicho ni sehemu ya barua, kama vile herufi kubwa ni sehemu ya barua kwa mwenye macho dhaifu. Ninayoiita hasara ni nafasi inayomtumikia mwenye programu: mlango wa huduma nyingine anayotaka uijaribu, kidirisha cha pembeni kinachofunguka chenyewe kila asubuhi, tangazo lililovaa sura ya barua likajipanga kwenye orodha. Na wakati mwingine wanaoijaza nafasi ni sisi wenyewe: barua ya maneno kumi inayofuatwa na nembo ya ofisi, kaulimbiu, picha za tuzo na aya nzima ya onyo la kisheria. Ofisi zinazofanya hivi ziko nyingi, na napenda ziache.

Msomaji, kama unasomea barua zako kwenye kompyuta mpakato, fungua mipangilio leo uchague mwonekano wa kubana, funga kidirisha cha pembeni usichokitumia, na kidirisha cha kusomea kiweke kulia. Ni kazi ya dakika chache na haivunji kitu.

Na ninyi vijana mnaoandika programu Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko, kazi yenu msiijaribu kwenye vioo vikubwa vya ofisini kwenu peke yake. Ijaribuni kwenye mpakato ya 1366 kwa 768, upau wa Windows ukiwepo na kivinjari kikiwa na vichupo vyake vyote. Barua ya majaribio iwe ya kweli: shikamoo, hali ya afya, mama, shangazi, jirani aliyekuwa mgonjwa, pole kwa wafiwa. Kama maneno "baada ya salamu" hayaonekani bila kuvuta ukurasa, rudini juu mkaondoe kitu.